Mkeka wako unamlisha nani? Waulize walimu na madereva wa farasi

KWENYE vibanda vya kubeti vya Makorora, kama ilivyo Ngamiani au Manzese, kuna saa ambazo mpira haupo. Ligi imesimama kupisha timu za taifa, Ulaya wamelala, na mkeka wa jana ulishachanika kwa bao la dakika ya 90. Hapo ndipo macho yanahamia kwenye ile skrini ya pembeni. Mbwa wanakimbia, farasi wanakimbia, na kila baada ya dakika chache mbio mpya zinaanza. Kijana anaweka jero yake kwa namba 4. Namba 4 anamaliza wa tano. Anaweka nyingine.

Farasi huyo hayupo. Ni picha ya kompyuta, na mshindi anatolewa na programu inayochagua namba kwa bahati. Hana zizi, hali majani, haugui, hana mwalimu wala mtu wa kumpanda. Kampuni inayomrusha hewani hailipi mtu aamke saa 10 alfajiri kwenda kumkwangua kwato.

Farasi wa kweli wapo, na watu wao wapo. Leo naomba Simba na Yanga wapumzike kidogo, tuwaangalie hao watu: mwalimu anayemfundisha farasi kukimbia na dereva anayemwendesha siku ya mbio. Mchezo wao uliishi kwa pesa ya kubeti miaka mingi kabla ya mpira wetu kuijua pesa hiyo. Sasa pesa inawakimbia, na namna inavyowakimbia inatuhusu sisi wa Mkwakwani kuliko tunavyodhani.

Kwa wasiojua, mbio za farasi ziko za aina mbili kubwa. Ile tunayoiona kwenye sinema ni ya kupanda: jokii kajikunja mgongoni, farasi anapiga shoti. Ya pili huku kwetu Afrika Mashariki hatuna, ila Ufaransa, Sweden, Marekani, Canada na Australia ina wapenzi wake wa kufa na kupona. Farasi anafungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili. Nyuma anakaa mtu mmoja, miguu kaitanua mbele, mikononi hatamu. Huyo haitwi mpandaji. Anaitwa dereva.

Ugumu wa mbio hizi uko kwenye mwendo. Farasi wa kigari haruhusiwi kupiga shoti. Lazima aende ule mwendo ambao wazee wa pwani, wakisema habari za punda, wanauita telki: wa haraka, lakini miguu ina mpangilio wake. Damu ikimchemka akaanza shoti, dereva anatakiwa amtulize na kumrudisha kwenye mwendo wake huku wenzake wanampita. Ufaransa na Sweden akizidisha anaondolewa mbioni kabisa, na waliombetia wanachana karatasi. Sasa wewe fikiria mnyama wa kilo 400 na zaidi, maili moja chini ya dakika mbili, wenzako wako kulia na kushoto gurudumu kwa gurudumu, na kazi yako ni kumkimbiza bila kumwacha akimbie. Wanaosema kuendesha bodaboda pale sokoni saa ya jioni ni kazi, ni kweli. Lakini bodaboda haina akili zake.

Faida moja ya kigari ni kwamba dereva halazimiki kuwa mwepesi kama jokii. Jokii anashinda njaa ili mizani ikubali, dereva anakula ugali wake. Ndiyo maana madereva wanadumu. Hervé Filion wa Canada alishinda mbio zaidi ya 15,000, na alikuwa bado anaendesha akiwa na umri wa kuitwa babu. John Campbell, naye Mkanada aliyetamba Marekani, alishinda Hambletonian, ambayo ndiyo fainali yao ya Kombe la Dunia kwa farasi wa miaka mitatu, mara 6. Farasi aliowaendesha waliingiza karibu dola milioni 300 za zawadi.

Milioni 300 hizo si zake lakini. Hapa ndipo hesabu inapoanza.

Nani anakula nini

Marekani na Canada utaratibu uliozoeleka ni huu: farasi akiingiza dola 1,000 za zawadi, mwalimu anachukua asilimia 5, yaani dola 50, na dereva naye asilimia 5. Zinazobaki ni za mwenye farasi. Huwezi kusema ni dhuluma, maana mwenye farasi ndiye aliyemnunua na ndiye anayelipa chakula. Tatizo ni kwamba farasi wengi hawashindi. Kwenye mbio za farasi 9 anashinda mmoja, watatu au wanne nyuma yake wanapata kidogo, waliobaki wanarudi zizini na vumbi.

Mwalimu anajifidia kwa kumtoza mwenye farasi ada ya kila siku. Ndani ya ada hiyo kuna majani, nafaka, mshahara wa saisi anayemwogesha na kumlisha farasi, na mambo mengine. Mwenye farasi akichelewa kulipa, mwalimu anabaki na mnyama anayekula kila siku. Mchezaji wa mpira unaweza kumwambia avumilie mpaka mwezi ujao, na kwetu anaambiwa sana tu. Farasi haambiwi. Kwa hiyo mwalimu anakopa dukani kwa jina lake kulisha mali ya mtu mwingine, na siku mwenye mali anapoamua kumhamishia farasi zizi lingine, deni linabaki kwake.

Dereva ndiye aliye hewani zaidi. Zamani mwalimu mwenyewe ndiye alikuwa anaendesha farasi wake. Siku hizi wapo madereva wa kukodishwa, mbio moja moja, leo wa zizi hili, dakika 20 baadaye wa zizi lile. Wale wachache wenye jina wanachaguliwa na kila mtu, maana mwenye farasi anataka jina na wanaobeti wanatazama jina. Wengine wanapewa farasi wasiotakiwa. Ukimpa dereva farasi mbovu anamaliza wa nane, na rekodi inaandikwa yeye ni dereva wa nane. Vijana wetu wa bodaboda wanaoendesha chombo cha tajiri kwa hesabu ya kila siku wanaelewa vizuri: chombo kikiharibika, siku ni yako, hasara ni yako, chombo si chako.

Halafu kuna sheria ambayo makocha wetu wakiisoma watashukuru Mungu. Katika mbio hizi mwalimu ndiye mdhamini wa hali ya farasi wake siku ya mbio. Damu au mkojo ukikutwa na dawa iliyokatazwa, anayeshtakiwa kwanza ni yeye, hata kama ni saisi aliyempaka farasi dawa ya misuli bila kumwambia. Sheria ni kali kwa sababu udanganyifu upo. Machi 2020 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia kesi watu 27, walimu, madaktari wa mifugo na wasambazaji wa dawa, wa mbio za kupanda na za kigari pia. Mmoja wao, mwalimu Jorge Navarro, alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Sina huruma naye. Lakini mwalimu mdogo asiyetumia dawa alipata hasara mara mbili: kwanza alishindwa na waliotumia, kisha watazamaji wakaanza kumshuku na yeye.

Ngong na Lamu

Tusiende mbali sana. Jirani zetu Kenya wana mbio za kupanda, na uwanja wao wa Ngong, Nairobi, umekuwepo tangu 1954. Mbio zenyewe ni za zamani zaidi, zilianza na walowezi mwanzoni mwa karne iliyopita. Zamani kulikuwa na viwanja vingine huko bara, Nakuru, Eldoret, Kitale. Leo umebaki Ngong peke yake. Uwanja mmoja maana yake ni kalenda moja, idadi ndogo ya farasi, na mwalimu asiyependwa na wenye farasi wa Ngong hana pa kwenda.

Kwa nini sisi hatuna? Tanga kumepita Wajerumani na Waingereza, wote wapenda farasi, lakini mbung'o hakuwapenda. Farasi na mbung'o hawakai nyumba moja. Hata Nairobi kwenye baridi, kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, na lazima wachanjwe. Hiyo nayo ni bili, na bili zote zinapita kwa mwalimu kabla hazijafika kwa tajiri.

Mtu maarufu kuliko wote waliofundisha farasi Kenya ni Beryl Markham. Wengine wanamjua kama rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kwenda upande wa magharibi. Huko ni angani. Chini alikuwa mwalimu wa farasi, alipata leseni akiwa bado binti mdogo, na farasi wake walishinda Kenya Derby mara 6. Kwa mpira hiyo ni sawa na kocha mwenye makombe 6 ya ligi. Alipozeeka alikuwa anaishi kwenye nyumba ndogo palepale kwenye eneo la uwanja wa Ngong, pesa hana. Kilichomwokoa ni kitabu chake cha zamani kilichochapishwa upya Marekani mwaka 1983. Alifariki 1986. Derby 6 hazikumpa uzee, kitabu ndicho kilichompa miaka mitatu ya afadhali.

Kama huyo aliyekuwa na jina alifikia hapo, fikiria saisi.

Na sisi watu wa pwani tuna mbio zetu, tusijidharau. Lamu wanashindana kwa punda wakati wa sherehe za Maulidi na kwenye tamasha la utamaduni. Vijana wanapanda bila tandiko, wanapita ufukweni mbele ya mji, watu wamejaa mpaka kwenye mashua. Hakuna mwalimu wa kuajiriwa pale. Mwalimu na mpandaji ni mtu mmoja, kijana aliyembebesha punda yule mchanga na matofali mwaka mzima, kwa hiyo anamjua akikasirika, anajua kona gani anagoma. Kwenye mji ule wenye vichochoro visivyopitisha gari, punda ndiye lori.

Sasa pikipiki zimefika Lamu. Kila mzigo unaochukuliwa na pikipiki ni siku moja ya punda asiyefanya kazi, na punda asiyefanya kazi hakai muda mrefu kwa mwenyewe. Kisha ikaja biashara ya ngozi za punda kwenda China. Kenya ilifungua machinjio ya punda, wizi wa punda ukashamiri, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo bara zima. Mashindano ya Lamu yatakuwepo kadiri kazi ya punda itakavyokuwepo. Ukiondoa kazi, utabaki na punda wa maonyesho na kijana anayejifunza kupanda wiki moja kabla ya sherehe.

Kuna mahali walimwondoa mpandaji wakafanya sawa. Kwenye mbio za ngamia za Ghuba walikuwa wanapandishwa watoto, wengine waliotoroshwa kutoka nchi maskini, kwa sababu mtoto ni mwepesi. Kuanzia kama 2005 Qatar na Falme za Kiarabu wakaweka roboti ndogo mgongoni, mwenye ngamia anaiongoza kwa rimoti kutoka kwenye gari. Hapo hakuna wa kulia. Ila inaonyesha kwamba wenye mchezo wakitaka, binadamu anatoka na mbio zinaendelea. Skrini ya kibandani imekwenda hatua moja mbele, imemtoa na mnyama.

Pesa ikihama

Sasa tuje kwenye kiini. Zawadi za mbio za farasi kwa miaka mingi zilitoka kwa wanaobeti. Watu wanaweka pesa kwenye chungu kimoja, washindi wanagawana, na kipande kinakatwa kwa ajili ya uwanja na zawadi. Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu mtu aliyetaka kubahatisha kihalali hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Leo ana simu. Mechi za England, za Brazil, za vijana wa Vietnam saa 6 mchana, zote ziko mkononi. Kwa nini asubiri Jumapili aende Ngong kumtazama farasi asiyemjua?

Mpira ndio uliomla farasi. Tuseme ukweli, sisi ndio tuliofaidika.

Kilichotokea Ontario, Canada, kinafaa kusomwa na kila kiongozi wa klabu. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliruhusu mashine za kamari kuwekwa kwenye viwanja vya farasi, kwa makubaliano kwamba asilimia 10 ya mapato ya mashine iende kwa uwanja na asilimia 10 nyingine kwenye zawadi za mbio. Pesa ikamwagika. Walimu wakaongeza mazizi, wafugaji wakazalisha, vijana wakaacha shule kuwa masaisi na madereva. Miaka 14 wakaishi hivyo, wakaamini pesa ile ni ya mchezo. Mwaka 2012 serikali ikatangaza inavunja mpango, na Machi 2013 ukaisha. Uwanja wa Windsor ulifungwa kabla hata ya tarehe hiyo. Mwalimu aliyejenga zizi kwa mkopo wa benki alibaki na zizi, na mkopo, na farasi ambao jana walikuwa na bei na leo hakuna anayewauliza.

Farasi hawakuwa wabaya. Walimu hawakusahau kazi. Mtu mmoja aliyekaa ofisini alibadilisha mpango wa pesa, basi.

Linganisha na Sweden. Wao mwaka 1974 walianzisha kampuni ya kubeti farasi, ATG, na wenyewe ni vyama vya mbio: vya kigari wana sehemu kubwa, vya kupanda sehemu ndogo. Faida ya kubeti inarudi mchezoni kwa sababu mwenye duka na mwenye bidhaa ni mtu mmoja. Ufaransa nao wana kitu cha namna hiyo, PMU, tangu 1930. Soko lilipofunguliwa Sweden mwaka 2019, ATG wakaanza kupokea na mikeka ya mpira. Yaani Mswidi akibetia Liverpool kupitia ATG, senti fulani inakwenda kumlisha farasi. Nao hawako salama, kodi ya kamari kule ilipandishwa kutoka asilimia 18 hadi 22 mwaka 2024 na wanalalamika. Lakini wana meza ya kulalamikia, na kiti ni chao. Walimu wa Ontario walikuwa wageni kwenye meza ya serikali. Singapore hata meza haikuwepo: serikali ilitaka ardhi ya uwanja, na Oktoba 2024 wakakimbia mbio za mwisho baada ya zaidi ya miaka 180.

Tuliwahi kuona filamu hii

Shabiki wa Tanzania anakumbuka Julai 2017, Everton walipokuja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia. Rooney akapiga lile la mbali, watu wakashika vichwa. Aliyewaleta ni SportPesa. Mwaka huohuo walikuwa wameingia mkataba na Simba na Yanga, na Kenya walikuwa wanadhamini ligi nzima pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards. Miaka miwili tu baadaye, 2019, wakagombana na Serikali ya Kenya juu ya kodi na leseni, wakafunga biashara kule na udhamini ukakatika. Gor Mahia, mabingwa, wachezaji wakawa wanadai mishahara. Sony Sugar wakashindwa kufika kwenye mechi mara tatu wakafutwa kwenye ligi. Hakuna kocha aliyeulizwa maoni yake kuhusu kodi ya kamari. Walioulizwa "mbona hamfungi?" ni wao.

Nisiwatishe bila sababu. Ligi Kuu yetu haijasimama kwa mguu mmoja. Kuna benki ya NBC kwenye jina, kuna mkataba wa Azam Media wa miaka 10 uliosainiwa 2021 wa shilingi bilioni 225.6. Tuko afadhali kuliko walivyokuwa Wakenya wa 2019. Ila tazama vifua vya jezi za wakubwa, uhesabu ni miaka mingapi vimebeba majina ya kampuni za kubeti. Na timu ndogo zinazotamani udhamini zinatamani uleule.

Tanga tunajua pesa ikiondoka inakuwaje, hata bila kamari. Msimu wa 2015/16 timu zilizoshuka daraja zilikuwa tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu ni za mkoa huu. Mkoa mzima ulifutwa kwenye ramani kwa msimu mmoja. Coastal, mabingwa wa 1988, walirudi 2018.

Kisha angalia walivyoishi na walimu wao. Mwaka 2022 Juma Mgunda, mtoto wa hapahapa, aliifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha. Sare ya 3-3 na Yanga, Abdul Suleiman 'Sopu' kafunga yote matatu, wakaja kufa kwa penalti. Kabla mwaka haujaisha Sopu alikuwa Azam na Mgunda yuko Simba. Siwalaumu hata kidogo, mtu na riziki yake. Msimu wa 2023/24 akaja Mkenya David Ouma, akamaliza nafasi ya nne, Coastal ikaenda Afrika. Wakatolewa na Bravos do Maquis ya Angola mapema, na Ouma akaondoka kabla ligi haijachanganya. Nafasi ya nne ya Mei haikumfikisha Oktoba. Mwalimu wa farasi angeelewa bila kuelezwa: farasi akishinda ni wa tajiri, akishindwa ni wa mwalimu.

Lakini yule wa kweli wa kufananishwa na saisi wa Ngong hayuko Mkwakwani. Yuko Makorora, kwenye kiwanja cha vumbi, ana filimbi, mipira miwili mmoja umevimba, na watoto 30. Huyo ndiye anayemfundisha farasi kutembea. FIFA wana utaratibu wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Asilimia 5, ileile ya mwalimu wa farasi, sadfa tu. Tofauti ni kwamba hii inakwenda kwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu za mchezaji. Kocha wa mtaani asiye na karatasi hapati hata nauli ya daladala. Mtoto anatoka kwake, anapita klabu mbili, anafika Ulaya, na jina la yule mwenye filimbi halipo popote.

Hili linatibika hata leo, na halihitaji bilioni. Chama cha soka cha mkoa kiwasajili makocha wa mitaani na vikosi vyao, mtoto kwa mtoto, tarehe kwa tarehe. Karatasi ndiyo inayolipwa.

La pili ni la Serikali na TFF. Mwaka 2021 iliamuliwa kwamba sehemu ya kodi ya kubeti michezo, asilimia 5, iingie Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Uamuzi mzuri, na ndiyo njia ya karibu tuliyonayo na ya Waswidi: pesa ya mkeka kurudi uwanjani kwa sheria badala ya kwa hisani ya mdhamini. Mfuko huo tunausikia zaidi timu za taifa zikisafiri. Kwa nini fungu lake lisiende kulipia leseni za makocha wa chini? Kozi ina gharama, na kocha wa Makorora hana gharama hiyo. Zile jero zinazoachwa kila siku kwa farasi wasiokuwepo zinalipiwa kodi pia. Basi kipande chake kimfikie mtu aliyepo.

Na la tatu ni la viongozi wa Coastal na wa klabu nyingine za Championship na First League watakaokaa mezani na kampuni za kubeti msimu ujao. Waombe mkataba useme mdhamini akijitoa katikati, kwa kodi, kwa leseni, kwa sababu yoyote, mishahara ya benchi la ufundi na wachezaji ya miezi iliyobaki iko tayari benki imewekwa pembeni. Kampuni ikikataa kipengele hicho, angalau watajua mapema ni Sweden au ni Ontario.